Punda wa Schillings na Yangeyange wa Igogo

Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kitabu cha picha za wanyama wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni lililoimeza na Mwanza yetu. Nyingi alizipiga usiku. Mwanga aliupata kwa kulipua unga wa magnesi. Na ili simba afike palepale lenzi ilipolengwa, alifunga punda au ng'ombe hai kama chambo. Yaani fokasi yake ilitegemea kamba ya punda. Ulaya ilimsifu sana. Baadaye, ajabu, akawa mtetezi wa wanyamapori.

Nilimkumbuka juzi juu ya mawe ya Igogo, nikimvizia yangeyange kwa simu. Hapa ziwa liko magharibi: asubuhi jua linakupigia mgongoni na kumwangaza ndege usoni, jioni utaambulia kivuli cheusi tu. Nilichelewa. Kufikia saa 3 jua lilikuwa kali, na kwenye kioo ndege alikuwa doa jeupe lisilo na manyoya. Nikagusa jicho lake, nikapunguza mwangaza, nikangoja ageuke. Akaruka. Picha ninayo bado: maji, jiwe, na mguu mmoja mweusi.