Trakteri ya Kijivu ya Misioni Yetu



Katika kitabu hiki cha Jubilei wengine wameandika juu ya kanisa, shule na waanzilishi wa imani. Mimi nimeombwa kuandika juu ya trakteri ya kijivu iliyo chini ya mikaratusi, nyuma ya nyumba ya mapadri. Mzee huyo naye amewalisha wengi: wanafunzi, wagonjwa na wajane.

Jina lake ni Ferguson TE20. Harry Ferguson, aliyezaliwa Irlandi mwaka 1884, aliunganisha jembe na trakteri, akatumia nguvu ya motere kuliinua na kulishusha. Trakteri hizo zilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, nazo zilipita 500.000. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa trakteri za namna hiyo. Za kwanza zilikuwa na motere ya Continental kutoka Marekani. Baadaye ikaja motere ya Standard, yenye silindri nne. Yetu ni ya Standard.

Miaka kadha iliyopita ilianza kutoa moshi wa bluu na kumaliza mafuta upesi. Baraza la parokia likataka kuiuza kama chuma kikuukuu. Padri Paroko akaniuliza: «Katekista, utaweza?» Seminari ndogo ilinifundisha Kilatini, si motere. Hata hivyo nikaitika.

Nilifanya kazi na vijana wawili. Tulitoa kifuniko cha juu, tukatoa pistoni, tukaviandikia vipande namba ili kila kimoja kirudi mahali pake. Katika motere hiyo kila silindri ni bomba linaloingizwa ndani ya chuma kikubwa, na maji ya kupoza hulizunguka. Chini hukalia joenti nyembamba. Kinacholikandamiza ni kile kifuniko cha juu tu. Tuliingiza mabomba na pistoni mpya, zilizonunuliwa kwa matoleo ya mahindi na maharagi. Kijana mdogo ndiye aliyepanga joenti.

Jioni watu walikuja kutazama. Kifuniko kilikuwa hakijarudishwa. Nikashika manivele, nikazungusha motere ili waone pistoni zikipanda na kushuka. Wakapiga makofi, nami nikafurahi mno.

Jumapili baada ya Misa motere iliwaka, watu wakaimba. Siku ya tatu nilivuta kijiti cha kupimia mafuta: mafuta yamekuwa meupe kama uji. Maji yameingia! Tungeendelea kulima, motere ingekufa kabisa. Mara watu wakasema kwamba kijana alipanga joenti vibaya. Yeye akanyamaza, akaacha kuja garajini.

Padri Paroko alimwita fundi mzee kutoka mjini. Aliuliza neno moja tu: «Mliizungusha ikiwa wazi?» Akaeleza kwamba pistoni ikipanda huvuta bomba pamoja nayo, likiinuka kidogo tu, joenti ya chini huharibika. Kabla ya kuzungusha, ni lazima kuyafunga mabomba kwa buloni. Wote walikuwa wakinitazama. Nikajibu: «Ni mimi niliyezungusha. Kijana hana kosa.» Neno hilo lilinilemea kuliko motere yenyewe.

Nilikwenda nyumbani kwao kumwomba radhi mbele ya baba yake. Joenti za pili nilizilipa mimi. Kijana alizipanga tena kwa mikono yake, mbele ya watu wale wale. Tukayafunga mabomba, kisha tukakaza buloni za kifuniko pole pole, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kabla ya kipwa kwisha, shamba lote lilikuwa limelimwa.

Leo kijana huyo ndiye mwangalizi wa trakteri. Ndugu wageni, mkiisikia ikinguruma wakati wa sikukuu hii, jueni kwamba chini ya kelele ile mna joenti nyembamba isiyoonekana na mtu. Nayo ndiyo inayoshika.

Mungu asifiwe.