Boriti, Chumvi na Hesabu ya Mikoko
Lawama za kupungua kwa mikoko ya Lamu na Rufiji hutupiwa kwanza biashara ya boriti. Kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka Uarabuni na Ghuba, nchi kame zenye uhaba wa miti ya kujengea, na upana wa vyumba vya huko, kama vya Lamu yenyewe, ulifuata urefu wa boriti. Lakini mkataji alichagua: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na bei yake, na msitu ulibaki umesimama. Kinyume chake, mashamba ya chumvi ya Ngomeni, pwani ya Kenya, na ya mpunga katika delta ya Rufiji yalifyeka kila kitu. Tena bwawa la chumvi huyazuia maji yasijae wala kupwa.

Atakayepinga atasema uchaguzi huo nao uliharibu, kwani miti iliyonyooka iliondoka, iliyopinda ikabaki. Ni kweli, na kuna aina zisizochipua tena zikikatwa shina. Lakini marufuku ya Kenya ya 1982 iligusa boriti za kwenda nje, si mabwawa ya chumvi. Na picha ya setilaiti ikipima eneo tu, inaficha udhaifu wa msitu uliochujwa. Tathmini ya haki ipime unene na unyoofu wa miti, miche iliyo chini yake, na mkondo wa maji.