Kisasi Bila Adui: Mfungwa Asiye na Hatia katika Filamu za Nairobi

Katika filamu ya Kihindi Andha Kanoon ya mwaka 1983, Amitabh Bachchan ni afisa wa misitu anayefungwa kwa kumuua mtu ambaye kumbe yu hai. Akimaliza kifungo anamsaka mtu yule na kumuua kweli, na mahakama inabaki na kitendawili: itamwadhibu vipi kwa kosa ambalo adhabu yake amekwisha kuitumikia? Hollywood ilitega mtego huohuo katika Double Jeopardy mwaka 1999, na Alexandre Dumas, katika The Count of Monte Cristo, alikuwa amemfungia baharia wake kwenye gereza la kisiwani tangu miaka ya 1840. Watazamaji wa Nairobi wamelelewa na hadithi za namna hii. Za Kihindi walizipata sinema ya Shan pale Ngara, za Marekani Kenya Cinema kwenye barabara ya Moi, na baadaye zote zikahamia vibanda vya video, ambako DJ Afro huzisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng na kumtambulisha steringi na adui wake mapema, asije mtu akachanganyikiwa.

Pamoja na mapenzi hayo yote, mji huu haujatoa Monte Cristo wake. Sababu si uhaba wa fedha peke yake. Hadithi kama ile ya Bachchan inahitaji mahakama iliyodanganywa: faili lipo, jaji anaaminika, na kosa lote ni la mwovu mmoja aliyepenyeza uongo. Akiondolewa huyo, mambo yanatengemaa. Nairobi dhuluma nyingi hukamilika kabla hakimu hajafungua faili lolote, na wanaozitenda ni wengi kiasi kwamba hawana uso. Steringi yupo, adui ndiye haonekani.

Nairobi Half Life ya David “Tosh” Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, inaonyesha jambo hili kuliko kazi nyingine yoyote. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa mashambani anayeuza filamu na kuwaigizia wateja wake vituko vya mashujaa wa Marekani. Anashuka mjini na ndoto ya uigizaji. Hajamaliza hata siku moja ameshaibiwa kila kitu, na kwenye patashika ya msako wa kanjo anajikuta yeye aliyeibiwa ndiye aliyetiwa ndani. Hakuna shtaka la maana linalosomwa. Korokoroni wanamlazimisha asafishe choo kilichofurika, na kamera ya Gitonga haina haraka: inamwacha mtazamaji humo mpaka aanze kusikia harufu. Mwas anaigeuza kazi ile kuwa mchezo, anaimba, anacheza, na Oti, jambazi anayemtazama kando, anavutiwa naye. Akitoka hana wa kumlipizia kisasi. Anayo anwani ya Oti tu.

Hapo ndipo filamu inapoachana na kanuni za Bachchan. Kukamatwa bure hakumfanyi Mwas mlipa kisasi. Kunampa ajira, ya kung’oa vipuri vya magari mwanzoni, halafu ya bunduki. Polisi wanaokula na genge lake ndio haohao wanaoamua baadaye nani afe ili kesi ifungwe. Wapo waliolalamika kwamba mwisho wake haushibishi. Malalamiko hayo yanaipongeza filamu bila kujua. Ikumbukwe pia kwamba ilitokana na warsha za One Fine Day Films, kampuni ya Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuiwakilisha Kenya katika kinyang’anyiro cha Oscar cha filamu za lugha za kigeni. Shinikizo la kutoa hadithi nyepesi ya kuuzika nje halikukosekana, bila shaka, lakini hadithi hiyo haikutolewa.

Je, wanaofika mahakamani kweli? Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinahusu wizi wa mabavu: washambuliaji wakiwa wawili au zaidi, au wakiwa na silaha, au wakimjeruhi mtu, adhabu ni kifo, hata kama kilichoibwa ni simu. Kwa miaka mingi mshtakiwa wa mauaji, aliyepelekwa Mahakama Kuu, aliwekewa wakili na serikali. Mwenzake wa wizi wa mabavu alisimama peke yake mbele ya hakimu akikabiliwa na kitanzi kilekile. Katiba ya 2010 ilianza kulirekebisha hilo.

Upande wa magharibi wa jiji, ukuta wa Lavington na mabati ya Kawangware vimetenganishwa na mwendo mfupi wa miguu. Wizi hutokea upande mmoja usiku; watuhumiwa hutafutwa upande wa pili alfajiri. Kati ya hapo ushahidi mara nyingi ni macho ya mtu mmoja aliyekuwa amelala kifudifudi, tochi ikimmulika. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kuhusu shahidi wa namna hiyo mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, na onyo hilo lingali linanukuliwa na majaji wa rufaa leo. Kwamba bado linahitajika ni habari tosha.

Waliowahi kuwa na adui anayejulikana ni wafungwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Miaka ya 1986 na 1987 watu waliteswa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, baadhi ya vyumba vikijazwa maji, kisha wakafikishwa mahakamani jioni, bila wakili, kukiri makosa waliyoandikiwa. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa gazeti Wahome Mutahi, aliyefungwa miezi 15. Jinsi alivyolipiza kisasi inastahili sura nzima katika historia ya fasihi yetu: aliandika riwaya ya Three Days on the Cross (1991), akaendelea kuwachekesha Wakenya kila wiki kwenye safu yake ya Whispers, na akapeleka tamthilia za Kikuyu zenye kuwakejeli wakubwa kwenye mabaa. Wengine walishtaki. Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru wahanga 21 walipwe fidia. Jengo lenyewe linaendelea kutoa pasipoti.

Kisasi cha Nairobi, basi, hufanywa kwa karatasi. Mwaka 2017 Francis Muruatetu na mwenzake, waliohukumiwa kifo kwa mauaji, waliishawishi Mahakama ya Juu ikubali kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Magereza yote yalisherehekea, na wafungwa wa wizi wa mabavu wakafurika mahakamani kuomba hukumu zao ziangaliwe upya. Julai 2021 mahakama ileile ikafafanua: uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Mwandishi wa filamu angeambiwa amezidisha chumvi.

Lakini karatasi nayo huua. Mwaka 2015 afisa wa polisi wa utawala, Fredrick Leliman, alimpiga risasi mwendesha bodaboda, Josephat Mwenda, kisha akambambikia mashtaka ili kujikinga. Mwenda hakutafuta bastola. Aliandikisha malalamiko kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, na akapata wakili, Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, wawili hao na dereva wao wa teksi walitekwa na kufungiwa kwenye kituo cha polisi cha Syokimau. Kimani aliandika ombi la msaada kwenye kipande cha karatasi ya choo, akakirusha nje, na mpita njia akakiokota. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk.

Kesi ya mauaji yao ilisikilizwa Nairobi kwa karibu miaka sita. Kipande kile cha karatasi kilikuwa kielelezo, pamoja na kumbukumbu za simu na maungamo ya mpasha habari mmoja wa polisi. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani wanne, na Februari 2023 Leliman akahukumiwa kifo. Kesi hii ina aliyeshtakiwa bure, adui mwenye jina na cheo, na hukumu mwishoni. Ina kila kitu ambacho vibanda vya video vimekuwa vikidai, isipokuwa steringi aliyebaki hai kuuona ushindi wake. Nafasi hiyo imeshikwa na mawakili, wajane na makarani wa mahakama. Mwelekezi atakayekubali kuwapa hao filamu nzima, pamoja na maahirisho yote ya kesi, atakuwa ameipata Monte Cristo ya Nairobi, na huenda ikamlazimu kwanza awashawishi wafadhili kwamba mtu aliyekaa kwenye benchi akisubiri namba ya kesi yake isomwe anaweza kumtia mtazamaji hofu kuliko mwenye bunduki.