Makaburi ya Wapolandi, Tengeru

Ndani ya eneo la chuo cha mifugo Tengeru, si mbali na Ziwa Duluti, yapo makaburi yapatayo 150 yenye majina yanayotupa shida kuyatamka. Ni makaburi ya Wapolandi. Wengi waliolala pale hawakuwahi kushika bunduki, ila kilichowaleta chini ya Mlima Meru ni mapatano ya kivita.

Septemba 1939 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti ziligawana Poland. Warusi wakawasomba raia kwa mamia ya maelfu hadi Siberia na Kazakhstan. Hitler alipowageuka Warusi mwaka 1941, maadui wa jana wakawa upande mmoja. Tarehe 30 Julai serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ilipatana na Moscow, wafungwa wakaachiwa, na Jenerali Anders akaanza kuunda jeshi. Mwaka 1942 jeshi hilo lilivuka kuingia Iran pamoja na wanawake, watoto na mayatima. Waingereza wakawachukua wanaume vitani, na familia wakazitafutia hifadhi katika makoloni yao. Tengeru ikapokea watu wapatao 5,000, wakakaa katika nyumba za duara za kuezekwa kwa nyasi, wakiwa na shule, kanisa na hospitali yao.

Mei 1944 askari wa Anders waliteka Monte Cassino, Italia. Mwaka huohuo vijana wa Keya (King's African Rifles) kutoka Afrika Mashariki walikuwa wakipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma. Tanganyika peke yake ilitoa askari zaidi ya 80,000 katika vita ile.

Shukrani ilikuwa haba. Huko Yalta, Februari 1945, wakubwa walimwachia Stalin mashariki ya Poland, na katika gwaride la ushindi London, Juni 1946, jeshi la Anders halikuonekana. Watu wa Tengeru wakakosa pa kurudi. Wengi waliishia Uingereza, Kanada na Australia. Huku kwetu, mwaka 1951, serikali ileile ya Mwingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate malisho. Msemaji wao, Kirilo Japhet, akalifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi haikurudi wakati huo.

Leo Poland inagharamia utunzaji wa makaburi ya Tengeru, na wageni kutoka huko huja kuwaona ndugu zao. Wanastahili sifa. Lakini kila mshirika, naona, anakumbuka wafu wake tu. Familia ya Akheri au Poli, huku Meru, iliyopoteza kijana Burma haina jiwe la karibu. Kumbukumbu ya Keya waliopotea kule bila kaburi iko Taukkyan, nje ya Yangon, kati ya majina 27,000 hivi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola. Orodha hiyo iko wazi kwa yeyote. Kuyachambua majina ya Tanganyika na kuyachonga palepale Tengeru ni kazi ambayo halmashauri ya Meru na ubalozi wa Uingereza wangeimudu bila kuchangisha.