Silikanti wa Tanga na biashara ya kuuchelewesha uzee

Ingia duka la dawa Chumbageni, mjini Tanga, uulize kitu cha kuongeza nguvu, utatolewa chupa nyingi kuliko pesa uliyobeba: mafuta ya samaki, unga wa mlonge, habasoda. Siku hizi kuna pia vidonge vya koenzaimu Q10 na vya NAD vinavyonadiwa kuwa vinazipa seli nishati na kuuchelewesha uzee. Si vitu vipya. Koenzaimu Q10 ilipatikana Wisconsin, Marekani, mwaka 1957, Frederick Crane alipoitoa kwenye moyo wa ng'ombe. NAD ni kongwe zaidi. Arthur Harden na William Young waligundua dalili zake kwenye hamira mwaka 1906. Mwili hujitengenezea vyote viwili, na bila hivyo seli haichomi chakula. Kwamba ukivinunua na kuvimeza utaongezewa miaka, hilo halijathibitishwa.

Samaki mmoja wa Tanga naye amewahi kuzushiwa kuwa dawa. Kuanzia 2004, majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu yalianza kuibua silikanti, samaki wa samawati mwenye mabaka meupe aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Pahala pa pingili za mgongo ana mrija uliojaa umajimaji wa mafuta. Karne iliyopita ulivuma uvumi kwamba Mashariki ya Mbali wako wanaoutafuta umajimaji huo kwa bei yoyote, eti unarefusha maisha. Nyama yenyewe haina mlaji. Mafuta yake huharisha. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yake, kusini mwa mji, upande wa Kigombe.

Mwaka 2021 mtafiti Kélig Mahé na wenzake wa Ufaransa walichunguza magamba ya silikanti 27 kwa mwanga maalumu, wakahesabu pete nyembamba ambazo waliotangulia hawakuziona. Samaki aliyekadiriwa kuishi miaka 20 hivi akaonekana kukaribia 100. Mwili wake hutumia oksijeni kidogo mno, na mchana hujibanza mapangoni. Yaani mkongwe wa maji yetu hubana nishati, huku chupa zikinadi kuiongeza.

Silikanti hupevuka akikaribia miaka 55, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Anayenaswa na jarife leo huenda hajazaa hata mara moja.