Ukumbi wa baiskeli wa London ulivyojengwa ili udumu

Southall, magharibi mwa London, ni makao ya familia nyingi zenye asili ya Kihindi zilizohama kutoka Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 na 1970. Kutoka hapo, barabara ya Uxbridge Road huelekea mashariki hadi Shepherd's Bush, karibu na White City, palipofanyika mbio za baiskeli za Olimpiki ya mwaka 1908. Uwanja huo haupo tena. Ulibomolewa mwaka 1985.

Olimpiki iliporejea London mwaka 1948, waendesha baiskeli walishindana Herne Hill, kusini mwa mji, katika uwanja usio na paa wala taa. Fainali ya mwisho ilimalizika giza likiingia.

Hivyo basi, London ilipoteuliwa kuandaa michezo ya mwaka 2012, kujenga ukumbi pekee hakukutosha. Ilibidi uwe na manufaa hata baada ya wageni kuondoka.

Wasanifu majengo wa kampuni ya Hopkins walikabidhiwa kazi hiyo mwaka 2007 huko Stratford, mashariki mwa London, mahali palipokuwa jaa la taka. Ujenzi ulianza mwaka 2009 na kukamilika mwaka 2011.

Badala ya mihimili mizito, paa lilitandazwa juu ya wavu wa nyaya za chuma, mithili ya jarife. Kwa kuwa paa hilo hufuata mkunjo wa njia ya mbio, hewa inayohitaji kupashwa joto ni kidogo. Jambo hilo ni muhimu, kwani mbio hizi huhitaji joto la nyuzi 28 hivi: hewa ya joto ni nyepesi, nayo humzuia mwendeshaji kwa kiasi kidogo zaidi. Mianya katika kuta za mbao za mwerezi hupitisha upepo, madirisha ya paani huingiza mwanga wa jua, na maji ya mvua hukingwa kwa matumizi ya vyooni.

Mwaka 2012 Uingereza ilitwaa humo dhahabu 7 kati ya 10. Hata hivyo, mtihani wenyewe ulianza Machi 2014, milango ilipofunguliwa kwa umma. Tangu hapo, wananchi wa kawaida huzunguka njia ile ile ya mita 250 waliyoshindania mabingwa. Mkazi wa Southall naye anaweza kufika Stratford kwa reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo hupita sehemu zote mbili.