Wangwana wa Aruwimi na barafu ya Ruwenzori

Sisi watu wa Basoko tunajua maji. Tunajua mtumbwi, wavu, na pale Aruwimi unapoingia katika mto Kongo. Barafu tunaikuta kwenye kinywaji tu, tena siku umeme ukiwapo. Lakini safari moja kubwa iliyofikisha watu wa Kiswahili chini ya theluji ya Ruwenzori ilipita mbele ya mlango wetu, na haifai kuwaachia wageni peke yao kuisimulia.

Stanley alikuwa amekwisha kupigana na mababu zetu kwenye mdomo wa Aruwimi, tarehe 1 Februari 1877. Mwaka 1887 akarudi kwa meli za mvuke, akisema anakwenda kumwokoa Emin Pasha. Alikuwa na Wangwana karibu 600 walioandikwa kazi Unguja. Hao Wangwana tusiwasahau: Kiswahili cha Kisangani tumekipokea kwa watu wa namna yao. Mwezi wa 6 wakapanda Aruwimi mpaka Yambuya, na kutoka pale kundi la mbele likaingia msituni kwa miguu. Wengi sana walikufa humo juu ya njaa, vidonda na mishale.

Waliobaki walitokea upande wa ziwa Albert. Tarehe 24 Mei 1888 kijana mmoja alimwonyesha Stanley mlima wa mbali, akasema watu husema umefunikwa na chumvi. Chumvi! Nani atamcheka? Mtu asiyewahi kushika theluji, kitu cheupe juu ya jiwe atakiita nini?

Mwaka uliofuata, mwezi wa 6, kapteni Stairs alijaribu kuupanda pamoja na Wangwana kama 40. Walifika karibu mita 3,250, mabonde mawili marefu yakawakatia njia, wakarudi. Theluji waliiona kwa macho tu. Ni Stairs huyohuyo ambaye msafara wake ulimuua mfalme Msiri kule Katanga, Desemba 1891. Jina lake liko katika kila kitabu cha mlima ule. Wale 40, watu wa pwani waliovuka msitu wote kwa miguu, wamebaki hesabu tu.

Na wenyeji je? Wanande na Wakonzo hawakungoja mtu awavumbulie mlima. Theluji wanaiita nzururu, na huko juu ndiko kunakaa Kitasamba, mwenye mlima, ambaye wazee walimtolea sadaka. Mpagazi aliyekataa kukanyaga barafu hakuwa mwoga, ilivyodhaniwa. Alikuwa hana viatu, na alijua anaingia nyumba ya nani. Tarehe 18 Juni 1906 mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alifika kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, akakipa jina la malkia wake Margherita. Wabelgiji wa Xavier de Grunne walikuja kupitia upande wetu mwaka 1932.

Njia ya upande wetu inaanzia Mutwanga. Unapita Kalonge, Mahangu, Kiondo, na kila kituo kina baridi kuliko kile cha nyuma. Kwanza ni tope na mizizi yenye kuvu, mguu unazama mpaka gotini. Baadaye ni miamba mitupu. Huko Ulaya Novemba ni majira ya majani kupukutika, baridi inakuja polepole. Ruwenzori haingoji majira: mchana jua, usiku baridi kali, na Novemba mvua tele. Maji yanayotiririka mwambani yanaganda usiku, na asubuhi jiwe limevaa barafu nyembamba sawa na kioo. Huioni, unaona jiwe tu. Hapo kwenye ukingo mwembamba ndipo watu huteleza. Anayejua hungoja jua lilambe mwamba kwanza, au hujifunga kamba na wenzake na kuvaa vyuma vyenye meno chini ya viatu. Wakati wa kushuka ni hatari zaidi, kwani miguu imekwisha choka na ukungu umefunga.

Leo wapandaji wengi huanzia Uganda, maana vita vya Beni vimeifunga njia ya Mutwanga mara nyingi. Barafu nayo inakwenda. Mwaka 1906 ilifunika kilomita za mraba kama 6.5, mwaka 2003 ilibaki chini ya moja, na tangu hapo imezidi kupungua, kwa sababu dunia imepata joto. Maji yake hata hayafiki Basoko, ingawa wengi wangedhani hivyo: yanashuka Semliki, yanaingia ziwa Albert, yanafuata Nili mpaka Misri. Kinachotufikia sisi ni habari yake, iliyopanda kwa Aruwimi pamoja na wale Wangwana, na ambayo mpaka leo tunaisoma zaidi katika vitabu vya Stanley.